Mamba Bafuni: Rose Bird na Kura Iliyomwondoa

Leo nina habari ya jaji. Simzungumzii hakimu wa mahakama ya mwanzo pale wilayani kwako, wala wale majaji tisa wa Washington ambao majina yao tunayasikia kwenye taarifa ya habari kila Marekani inapovutana. Namzungumzia jaji wa jimbo moja tu, California, mwanamke aliyeitwa Rose Elizabeth Bird. Tarehe 4 Novemba 1986 watu wa jimbo lake walipanga foleni vituoni, wakapewa karatasi yenye jina lake na swali moja: abaki au aondoke? Watu wawili katika kila watatu wakasema aondoke. Akaondoka.

Wazee wa Tanzania wanaifahamu kura ya namna hiyo. Enzi za chama kimoja, mgombea urais alikuwa mmoja, nawe ukaulizwa ndiyo au hapana. Majaji wa Mahakama ya Juu ya California hupigiwa kura hiyo hiyo, na utaratibu huo upo tangu 1934. Hakuna mpinzani kwenye karatasi. Gavana anamteua jaji, tume ya watu watatu inamthibitisha, kisha katika uchaguzi wa gavana unaofuata wananchi wanaulizwa kama wanamtaka. Wakimkubali, anakaa mpaka kipindi cha kiti chake kiishe, na kipindi kamili ni miaka 12. Kikiisha anarudi kwao kuulizwa tena. Kuanzia 1934 hadi 1986 hapakuwa na jaji hata mmoja wa mahakama hiyo aliyeangushwa kwa kura hiyo. Watu walikuwa wakipiga ndiyo bila hata kuyasoma majina.

Sasa, huenda unajiuliza kwa nini tupoteze muda na mahakama ya jimbo wakati iko ile kubwa ya Washington. Ni kwa sababu kesi nyingi mno za Wamarekani haziendi Washington. Mtu aliyegombana na mwenye nyumba wake, mjane anayedai fidia, mwizi, muuaji, mfanyakazi aliyefukuzwa, hao wote karibu kila mara wanaishia katika mahakama za majimbo, na neno la mwisho juu ya sheria ya jimbo ni la mahakama ya juu ya jimbo hilo. Anayekaa katika kiti cha Jaji Mkuu wa California anaamua mambo yanayomgusa mtu mezani kwake na kitandani kwake.

Rose Bird hakuzaliwa katika nyumba ya mawakili. Alizaliwa 1936 karibu na Tucson, Arizona, baba yake akajaribu kufuga kuku na mambo hayakwenda, naye akafariki Rose akiwa bado mtoto. Mama akawachukua watoto wake mpaka New York, akapata kazi kiwandani, akawasomesha. Rose akamaliza chuo 1958, akafanya kazi ya ukatibu muhtasi ili apate nauli na ada, akavuka nchi kwenda Berkeley, na 1965 akatoka huko na shahada ya sheria. Kwa mwaka mmoja alikuwa msaidizi wa Jaji Mkuu wa jimbo la Nevada, mwanamke wa kwanza kuishika nafasi hiyo katika mahakama ile. Kisha akaajiriwa kaunti ya Santa Clara kuwa wakili wa utetezi anayelipwa na serikali, yule wa kumtetea mshtakiwa asiye na fedha ya kuweka wakili. Hapo pia alikuwa mwanamke wa kwanza. Akakaa miaka minane akiwatetea watu ambao hakuna aliyetaka kuwatetea.

Naisisitiza miaka hiyo minane kwa makusudi. Waliomchukia baadaye walisema hakuwahi kuwa jaji hata siku moja kabla ya kupewa ukuu wa majaji, na hilo ni kweli. Lakini alikuwa amekaa upande ule wa meza ambao majaji wengi huuona kwa mbali tu. Alijua mpelelezi mvivu anafanyaje kazi, na alijua wakili asiyejiandaa anavyoweza kumpeleka mteja wake kwenye kifo. Mtu wa namna hiyo, ukimpa jalada la kesi ya kifo, atalisoma mpaka tanbihi.

Mwaka 1974 Jerry Brown aligombea ugavana, na Rose alijitolea katika kampeni, hata kuendesha gari la mgombea. Brown akashinda, akampa uwaziri wa kilimo na huduma wa jimbo, na hakuwahi kuwapo mwanamke katika baraza la gavana wa California kabla yake. Na hapa, msikilizaji, ndipo simulizi yenyewe inapoanzia, ingawa wengi huianzia mahakamani.

California ni shamba kubwa. Zabibu, letasi, nyanya, matunda ya kila namna, na wavunaji wengi ni watu wenye asili ya Mexico, wanaolipwa kidogo na kulala pabaya. Wakati ule César Chávez alikuwa amewaongoza kwa miaka katika migomo. Rose Bird ndiye aliyeshika kalamu na kukaa na pande zote mpaka ikapatikana sheria ya kazi za mashambani ya 1975, iliyowapa wavunaji haki ya kuchagua chama chao cha wafanyakazi kwa kura ya siri. Mwaka huo huo ndipo lilipopigwa marufuku jembe la mpini mfupi, lile lililomlazimisha mtu ainame kutwa nzima huku msimamizi akiona kwa mbali nani amesimama kupumzisha mgongo. Wenye mashamba makubwa hawakusahau. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Februari 1977 Brown akamteua kuwa Jaji Mkuu. Alikuwa na miaka 40. Hapakuwahi kuwa na mwanamke katika mahakama ile hata kwenye kiti cha kawaida, sembuse cha mkuu. Tume ikamthibitisha kwa kura mbili dhidi ya moja, na kura iliyoamua ilikuwa ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Evelle Younger, ambaye alikuwa Mrepublican, chama cha upinzani kwa gavana. Ndani ya mahakama alikuwamo Jaji Stanley Mosk, mzee wa siasa na sheria, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na ilisemwa sana kwamba alikuwa akikitarajia kiti hicho. Akaona kinapita mbele ya uso wake kwenda kwa mwanamke ambaye hajawahi kuvaa joho.

Rose akaingia kwa kishindo. Akaliuza gari la kifahari la Jaji Mkuu. Akisafiri, analala kwenye nyumba za wageni za bei nafuu. Watu wa kawaida walilipenda hilo. Majaji waliozoea heshima zao hawakulipenda, na hata waliokuwa upande wake walisema hakuwa mwepesi kuzoeleka, kwamba alijifungia na wasaidizi aliowaamini. Naamini walisema kweli. Wapo watu wanaozipigania haki za maelfu wasiowajua, na bado wakapata taabu kumwambia mwenzao wa chumba cha pili habari za asubuhi.

Sasa tuje kwenye kifo, maana ndicho kilichommaliza.

Mwaka 1972, kabla Rose hajafika, mahakama hiyo hiyo iliwahi kuifuta adhabu ya kifo California nzima. Aliyeiandika hukumu ile ni Jaji Mkuu Donald Wright, na aliyemteua Wright ni Ronald Reagan, ndiyo, Reagan yule yule aliyekuja kuwa rais. Zaidi ya watu mia moja waliokuwa wakingoja kuuawa, pamoja na Charles Manson, wakabadilishiwa adhabu kuwa kifungo cha maisha. Wananchi walikasirika, na mwaka huo huo wakabadilisha katiba ya jimbo kwa kura. Mwaka 1977 seneta wa jimbo aitwaye George Deukmejian akaleta sheria mpya ya adhabu ya kifo, Gavana Brown akaikataa, Bunge likamshinda gavana na kuipitisha. Mwaka 1978 wananchi wakapiga kura nyingine ya kuipanua. Kwa hiyo kufikia hapo watu wa California walikuwa wamesema wazi, tena zaidi ya mara moja, wanataka wauaji wauawe.

Ila sheria ya 1978 iliandikwa haraka haraka, ina mashimo. Kesi zikaanza kumiminika, maana kila hukumu ya kifo katika jimbo lile huenda moja kwa moja Mahakama ya Juu, mshtakiwa atake asitake. Mahakama ikazichambua. Hapa jaji wa chini alilielekeza vibaya baraza la wananchi wanaoamua kesi, pale wakili alilala, kule haikuthibitishwa kwamba mshtakiwa alikusudia kuua. Mwaka 1983, katika kesi ya Carlos, mahakama ikasema kusudio la kuua lazima lithibitishwe hata katika mauaji yaliyotokea wakati wa uhalifu mwingine, na kwa hoja hiyo moja hukumu nyingi zikaanguka. Tuelewane: hukumu ikitenguliwa, mfungwa hatoki kwenda kwao. Mara nyingi anarudishwa mahakama ya chini kushtakiwa upya au kupangiwa adhabu nyingine. Ila kwenye tangazo la televisheni la sekunde 30, maelezo hayo hayaingii.

Majaji wenzake mara nyingi walikubaliana naye, na mara chache hawakukubaliana. Rose mwenyewe, katika kesi zaidi ya 60 za kifo zilizopita mbele yake, hakupiga kura hata mara moja kuidhinisha mtu auawe. Hata mara moja.

Hapa nitasema la moyoni. Mwananchi aliyeitazama orodha ile akauliza, huyu mama anaifuata sheria tuliyoipigia kura au anafuata dhamira yake, hakuwa mjinga. Ni swali halali. Wanaomtetea husema kila kesi ilikuwa na kasoro yake ya kweli, na nyingine zilikuwa nazo, tena kubwa. Lakini kesi zaidi ya 60 bila hata moja iliyo safi, hilo linataka maelezo, na Rose hakuwa mtu wa kutoa maelezo. Aliamini hukumu iliyoandikwa inajitosheleza. Mlinganishe na Mosk, ambaye binafsi aliichukia adhabu ya kifo na hakuficha, lakini aliidhinisha baadhi ya hukumu akisema hiyo ndiyo sheria. Mosk alikaa kitini miaka 37, mpaka alipofariki 2001, na hakuna aliyedumu katika mahakama hiyo kama yeye.

Kampeni dhidi ya Rose haikuanza 1986. Ilianza 1978, kura yake ya kwanza, na nguvu yake ilitoka kwa wenye mashamba pamoja na mwanasiasa mmoja wa sheria kali, seneta wa jimbo H. L. Richardson. Wiki chache kabla ya kura hiyo, mahakama ilitoa uamuzi juu ya Pendekezo la 13, ile kura maarufu ya wananchi ya kupunguza kodi ya nyumba. Majaji wengine wote waliikubali. Rose peke yake akaandika kwamba si haki majirani wawili wenye nyumba zinazofanana walipe kodi tofauti kwa sababu tu mmoja alinunua zamani. Hoja yake hiyo wachumi wanaijadili mpaka leo. Lakini nani anayeandika jambo kama hilo, juu ya sheria inayopendwa kuliko zote, wiki chache kabla ya kupigiwa kura? Mtu mwingine angelikuwa na mafua wiki hiyo.

Akapona kwa tundu la sindano, asilimia 52 hivi. Asubuhi ya siku yenyewe ya kura gazeti la Los Angeles Times likaandika kwamba mahakama ilikuwa ikichelewesha kutoa uamuzi wenye utata hadi uchaguzi upite, uamuzi juu ya sheria ya kumfunga kila aliyetumia bunduki katika uhalifu. Mwaka 1979 tume ya nidhamu ya majaji ikawahoji majaji wa juu, tena sehemu kubwa hadharani, majaji wakisimulia ugomvi wao wa ndani mbele ya waandishi. Hakuna aliyeshtakiwa. Ila pazia lilikuwa limeshafunguliwa, na mahakama iliyoonekana bila pazia hairudi kuwa vile ilivyokuwa.

Mwaka 1986 Deukmejian alikuwa sasa ndiye gavana. Akatangaza hadharani atapiga hapana kwa Rose, kisha kwa majaji wengine wawili walioteuliwa na Brown: Cruz Reynoso, Mlatino wa kwanza katika mahakama ile, na Joseph Grodin. Mamilioni ya dola yakamwagika. Nyuso zilizoonekana kwenye televisheni zilikuwa za wazazi na ndugu wa waliouawa, na nani awezaye kubishana na mama anayemlilia mwanawe? Nyuma ya kamera zilikuwapo pia fedha za wenye mashamba na wafanyabiashara wakubwa, ambao shida yao na mahakama ile ilihusu fidia, wapangaji na wafanyakazi. Rose akaachana na washauri wa kampeni, akaeleza kazi ya jaji kwa namna yake. Siku ya kura majina sita yalikuwapo kwenye karatasi. Mosk akapita, na wawili walioteuliwa na Deukmejian wakapita. Rose, Reynoso na Grodin wakaanguka.

Grodin alikuwa ameidhinisha baadhi ya hukumu za kifo. Haikumsaidia. Wapiga kura waliambiwa watatu, wakapiga watatu.

Jaji Mkuu aliyefuata akawa Malcolm Lucas, aliyekuwa zamani mshirika wa Deukmejian katika ofisi ya uwakili. Mwaka 1987 tu ule uamuzi wa Carlos ukatenguliwa, na hukumu za kifo zikaanza kuidhinishwa moja baada ya nyingine. Basi ungedhani gereza la San Quentin lilipata kazi nyingi. Sivyo. Wa kwanza kuuawa alikuwa Robert Alton Harris, Aprili 1992, miaka mitano na zaidi baada ya Rose kuondoka, na hukumu yake ilikuwa imeidhinishwa 1981 na mahakama ile ile ya Rose Bird, yeye mwenyewe akipinga. Tangu hapo hadi 2006 waliuawa 13 tu. Mwaka 2019 Gavana Gavin Newsom akasimamisha kabisa utekelezaji, wakati ambapo watu zaidi ya 700 walikuwa wakingoja. Wengi wamekufa humo gerezani kwa uzee na maradhi. Kile ambacho wapiga kura wa 1986 waliahidiwa hawakukipata.

Walichokipata ni kingine. Alikuwapo jaji mwingine wa mahakama ile, Otto Kaus, mtu mcheshi na msomi, aliyestaafu mwaka mmoja kabla ya dhoruba. Kaus alisema kwamba jaji kujifanya hafikirii siasa anapoamua kesi nzito karibu na uchaguzi ni sawa na kujifanya humwoni mamba aliyelala katika hodhi lako la kuogea. Unaweza kunyoa ndevu zako kwenye kioo, ukaimba, lakini mamba yupo. Na Kaus hakuwa akiwasema wengine. Mwaka 1982 alipiga kura katika kesi moja ya nne kwa tatu iliyokubali marekebisho makubwa ya sheria za jinai yaliyopendwa na wananchi, miezi michache kabla ya yeye mwenyewe kupigiwa kura. Baadaye alikiri kwamba hata yeye hajui ni kwa kiasi gani uchaguzi ule ulimsukuma. Huyu ni jaji mwadilifu, anasema hajui.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema 1986 ilikuwa ushindi wa wananchi, na pia na wanaosema ilikuwa msiba wa mwanamke mmoja. Rose aliondolewa akaenda zake. Wanaobaki ndio wenye tatizo, kwa kuwa sasa wanajua mamba anauma. Tennessee, mwaka 1996, Jaji Penny White aliondolewa kwa kura baada ya kesi moja tu ya kifo, na hata hukumu yenyewe hakuiandika yeye. Iowa, mwaka 2010, majaji watatu waliangushwa siku moja kwa sababu ya uamuzi juu ya ndoa za jinsia moja uliotolewa na majaji wote saba kwa sauti moja. Waliobahatika ni wale ambao zamu yao ya kura haikuangukia mwaka huo.

Rose hakurudi kwenye uwakili. Alitoa maoni kwenye televisheni kwa muda, akamtunza mama yake, akajitolea katika kituo cha msaada wa sheria kwa maskini huko East Palo Alto akifanya kazi ya kutoa nakala za karatasi. Inasimuliwa kwamba hakujitambulisha kuwa yeye ni nani. Saratani ya matiti aliyokuwa amefanyiwa upasuaji 1976, kabla hata hajawa jaji, ilirudi, na Desemba 1999 akafariki akiwa na miaka 63. Reynoso na Grodin walikwenda kufundisha vyuo vikuu, na mwaka 2000 Rais Clinton alimvisha Reynoso nishani ya juu kabisa ya raia. Wanaume wawili walioangushwa naye wakainuka. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye mabango.

Msikilizaji unaweza kuuliza: sasa ulitaka jaji asiwajibike kwa mtu? Hapana. Kenya, kwa mfano, jaji hawezi kupigiwa kura na mpita njia, lakini anaweza kulalamikiwa kwa Tume ya Utumishi wa Mahakama na kufikishwa mbele ya jopo maalumu, akajitetea kwa ushahidi. Na Jaji Mkuu wao hukaa muda usiozidi miaka 10, akaondoka. Hilo la pili ndilo ninalolipenda zaidi. Kama California wangempa jaji miaka yake 12 mara moja tu, bila kurudi kuomba, wangekuwa na haki ya kumkagua wanapompa kiti, naye asingekuwa na sababu ya kuitazama kalenda anaposoma jalada. Pendekezo la namna hiyo lina watetezi Marekani kwenyewe. Haliendi mbali, na sababu haifichiki: anayeshinda kura leo hataki kuiacha kesho.

Tangu 1986 hakuna jaji mwingine wa Mahakama ya Juu ya California aliyeangushwa. Kila baada ya miaka minne majina kadhaa yanawekwa kwenye karatasi, na watu wanapiga ndiyo bila kuyasoma, kama zamani. Ukitaka kujua kama hiyo ni dalili ya mahakama nzuri au ya majaji walioshika adabu, soma hukumu zao za miezi ya kabla ya uchaguzi, kisha uzilinganishe na za baada yake.